Yadi Tano za Nonie

Jumapili, 3 Mei 1998

Mabingwa! Mbili bila, mechi ya mwisho, na Rovers wa Knockarden ndio kinara wa ligi ya chini. Miaka ishirini na nne tangu tushuke kutoka ligi ya wakubwa! Siku tunashuka nilikuwa beki wa kulia. Leo tunagonga mlango kurudi, nami ndiye mtunza uwanja. Katikati hapo nimepiga zege Coventry, nimepakua meli Rotterdam, nimepigana na Mdachi mmoja kwa ajili ya kofia — na huko kote sikuona nyasi za kuzishinda zangu za hapa Kinuni, uwanja wetu. Leo zilikuwa zulia. Hata refa kasema. Basi, hakusema, ila alizitazama sana.

Mpira uliingia kwa kuku wa Nonie, mjane anayepakana na uwanja, mara tatu. Desturi yetu ni ileile: aliyeupiga ndiye anayeingia bandani kuutoa, na Nonie, hata mvua inyeshe, anasimama pale na kumpa yai moja mkononi. Beki wao wa kati, jitu kama mlingoti, katoka na manyoya kichwani na yai kiganjani, hajui aliweke wapi. Watu wetu wakampigia kelele: "Litunze, bwana! Ndilo pekee mnaloondoka nalo leo!"

Baada ya hapo, baa. Mossie Lenihan, mwenyekiti wetu, yule muuza nyama, akapanda kwenye kiti akaonyesha picha yangu ya ukutani. Mimi, mwaka 1980, mpira nyuma ya kisogo, mgongo umepinda kama upinde.

"Vijana, mnamwona mzee huyu? Alikuwa akirusha kwa mikono mbali kuliko ninyi mnavyopiga kwa miguu!"

"Na kikombe cha chai mkono mwingine," nikasema.

Wakacheka. Nami nikacheka.

Daftari hili nimelinunua leo asubuhi kituo cha mafuta, nije niandike ushindi. Haya, nimeuandika. Sijui kwa nini mkono hautaki kulifunga.

Jumanne, 5 Mei

Barua ya ligi imefika. Ubingwa peke yake hautoshi, hilo tulilijua. Kwanza mkaguzi aupitishe uwanja, halafu klabu za juu zipige kura kwenye mkutano wa mwaka, Ijumaa tarehe 12 Juni — zinatutaka au hazitutaki. Mossie akasoma masharti kwa ile sauti yake ya kusomea Misa. Maji moto vyumbani: yapo, ukilipiga teke tangi. Uzio: upo. Choo cha wanawake: tutapaka rangi mlango. Upana wa uwanja: usipungue yadi sabini.

"Dinny, sisi tuna ngapi?"

"Sabini," nikasema. "Na chenji kidogo."

Miaka hamsini na minne hapa duniani, na sijawahi kusikia uongo ukitoka laini namna hiyo. Kama siagi kwenye kiazi cha moto.

Jumamosi, 9 Mei

Mkaguzi anaitwa Bwana Prunty. Mwembamba, mstaafu wa reli, viatu vinang'aa hata kwenye tope. Ana utepe wa chuma wa kupimia. Akanishikisha ncha yake, yeye akavuka uwanja na boksi lake. Alipofika ng'ambo nikarudi nyuma hatua mbili za kijanja.

"Bwana Tuohy," akasema bila hata kuinua kichwa, "rudi kwenye mstari."

Sitini na tano.

Akapima tena katikati. Akapima kwenye kona. Sitini na tano, sitini na tano.

"Labda utepe umelowa ukavutika," nikamwambia.

"Ni wa chuma, bwana."

Uso wa Mossie ukawa kama figo kwenye sinia la dukani kwake. Prunty akaandika, akafunga kalamu. Atarudi Jumamosi tarehe 6 Juni, saa tisa mchana. Zikiwa sabini, anatupitisha. Zisipokuwa, jina letu halifiki hata kwenye kura.

Anaondoka, Nonie akamnyooshea yai.

"Mimi sikupiga mpira, mama," akasema Prunty.

"Umewasumbua kuku. Ni yaleyale."

Akalipokea kwa mikono miwili kama anapokea sakramenti.

Sasa kamati nzima inajiuliza: yadi tano zimekwenda wapi? Karatasi za 1974 zinasema sabini. Mossie anasema labda ardhi imesinyaa, siku hizi hali ya hewa haieleweki. Nikakuna kichwa kama wao. Nikakikuna zaidi yao.

Jumapili, 10 Mei

Sikwenda Misa. Nitaungama hapa, padri wangu ni wewe karatasi.

Yadi tano nilizila mimi.

Mwaka 1978 nilikuwa nimerudi kutoka Rotterdam, mabega yamejaa magunia ya Wadachi. Nilikuwa narusha mpira vizuri — kweli vizuri, hilo silifuti! — lakini ukimfikia Packie unakuwa umeshachoka, unamshukia magotini. Packie Garrahy, mshambuliaji wetu, mume wa Nonie, rafiki yangu tangu tunaiba matofaa ya padri. Kichwa chake kingevunja mlango wa kanisa, ila mpira haukifikii. Ulipungua kidogo tu. Yadi mbili, yadi tatu. Na kigari cha chokaa anakisukuma nani Kinuni? Mimi. Toka wakati ule.

Agosti ile nikausogeza mstari wa mashariki yadi moja ndani. Hakuna aliyeona. Agosti iliyofuata, mbili. Iliyofuata, mbili tena. Na milingoti ya goli nikaihamisha polepole ibaki katikati. Nikawaambia kamati udongo wa golini umechimbika, unataka kupumzishwa. Wakanisifu! Wakanipa sahani yenye jina langu! Ipo hapa juu ya kabati, naitazama, nayo inanitazama.

Shule niliacha na miaka kumi na mitatu lakini hesabu hii naiweza. Uwanja ulipungua yadi tano, kwa hiyo goli lilinisogelea mbili na nusu. Yadi mbili na nusu! Picha ya baa, bia za bure za miaka ishirini, "Mkono wa Knockarden" — urefu wake wote ni huo. Hatua tatu za Nonie akienda kulisha kuku.

Msimu wa 1980 Packie alifunga mabao kumi na tisa kwa mipira yangu ya kurusha. Hakuwahi kuniuliza kitu. Alikuwa ananipiga begani tu: "Leo umekula uji, Dinny."

Nilikusudia kuurudisha. Kila Agosti nikasema mwakani. Januari 1983 Packie akaanguka akienda kukamua ng'ombe. Moyo. Hakufika arobaini. Na pale kaburini, kwa mdomo wangu huu, nikafanya jambo la pili kuhusu kile kipande kilichobaki nje ya mstari. Hilo leo siliandiki.

Jumatano, 13 Mei

Kamati. Upande wa magharibi kuna mto, na mto hausogei kwa kura. Lakini Mossie ameipata ramani ya zamani kwa karani wa parokia, wakaitandaza juu ya meza ya chai. Yadi tano zetu ziko palepale walipo kuku wa Nonie. Shangwe!

"Basi ni zetu!" Mossie akapiga meza. "Dinny, nenda kamwambie ahamishe kuku. Wewe ndiye unayeelewana naye."

"Nonie anaelewana na kila mtu," nikasema.

"Ndiyo, ila si kila mtu anayekaa peke yake na kununua mayai dazeni kila wiki."

Wakacheka mpaka chai ikamwagika kwenye ramani. Mimi niliyezoea kuchekesha watu, leo sikujua uso niuweke wapi.

Hakuna aliyeuliza kwa nini mstari ulihama. Wao wanaona kuku walijisogeza kidogokidogo na mstari ukawapisha. Yaani wanamwona Nonie. Na mimi nikawaacha wamwone.

Ijumaa, 15 Mei

Nimekwenda. Ameweka chai na keki ya zabibu yenye siagi nene, kama kawaida, na kama kawaida paka akahama kiti changu kabla sijakaa. Nonie ana miaka sitini na miwili na nyonga ya chuma. Alimzidi Packie miaka minane, na walipooana mji ulisema weee mpaka ukachoka.

Nikamweleza habari ya Prunty na sabini zake. Akasikiliza, anafuta yai kwa kitambaa.

"Kuku wanahamishika," akasema. "Lakini ardhi si yangu tena, Dinny. Nilipokwenda kukatwa nyonga nilimwandikia Fintan kila kitu. Nyumba, ua, na kipande cha kuku. Mimi nina chumba, jiko na kuku mpaka nife. Ndivyo karatasi inavyosema."

Fintan ni mtoto wa dada yake. Dalali wa nyumba na mashamba kule mji mkuu wa wilaya.

"Ukizungumza naye, zungumza taratibu," akasema. "Usimtanie. Hapendi kutaniwa."

"Mimi? Nimtanie mtu?"

Akanifungia mayai sita kwenye gazeti, hakutaka nilipie.

Jumatatu, 18 Mei

Nimemtania.

Alikuja na suti na simu ya mkononi, gari la kijivu akaliegesha juu ya nyasi zangu. Nikamwambia asogeze, hizo si nyasi za kulalia mapunda. Basi, tukaanza vibaya.

"Mzee Dinny," akasema, "mama mkubwa amekaa na kile kipande miaka kumi na mitano. Sheria ya nchi hii inasema kumi na miwili. Mkikitaka mngekidai zamani."

"Ramani inasema ni chetu."

"Ramani haifugi kuku."

Lo! Dalali ana ulimi. Kumbe anataka kujenga nyumba nane kule nyuma, na barabara ya kuziingilia itapita palepale. Bila kile kipande hakuna barabara.

"Na kuku watapita wapi?" nikamuuliza.

"Kuku ni supu, mzee."

Nilitaka kumrushia kitu. Lakini mtu asiseme uongo kwenye daftari lake mwenyewe — si kijana mbaya. Kila mwezi anampeleka Nonie hospitali, anamngoja masaa matatu kwenye kiti cha plastiki. Mimi nimempeleka mara ngapi? Mimi nampelekea vichekesho.

Alhamisi, 21 Mei

Kwa wakili, mimi na Mossie. Mzee wa makamo, anakula peremende, ofisi inanuka mbwa. Akatueleza kwa vidole.

Kidole cha kwanza: mtu akikaa kwenye ardhi yako miaka kumi na miwili kama yake, hukumruhusu, hukumfukuza, ni yake. Hata kama ulimpa kwa mdomo tu bila karatasi, ni mamoja: alikaa kama mwenyewe, imekuwa yake. Na kama ni ya Nonie, basi Nonie kamwandikia Fintan, kwisha.

Kidole cha pili: ukiwa umemwazima, hata akae miaka mia, ni mgeni tu. Haikuwa yake, kwa hiyo hakuweza kumpa Fintan. Inarudi kwa klabu.

"Nani alikuwa mdhamini wa ardhi ya klabu mwaka 1983?"

"Huyu hapa," Mossie akanishika bega. "Mkono wa Knockarden!"

Wakili akahamisha peremende shavuni. "Bwana Tuohy, ulimpa, au ulimwazima?"

Mossie ananitazama. Miaka ishirini na nne inanitazama.

"Nilimwazima, bila shaka," nikasema. "Nani anagawa uwanja wa watu?"

Nikacheka hata! Wakili akaandika. Atapiga kiapo chapa, nitakisaini mbele yake Jumamosi ile ya tarehe 6, na Nonie naye asaini kuwa ndivyo ilivyokuwa. Mossie aliniendesha kurudi anaimba njia nzima. Nikamwambia anishushe darajani, nitatembea.

Ijumaa, 22 Mei

Nchi nzima leo inapiga kura ya mkataba wa amani wa kule Kaskazini, walikouana miaka thelathini. Nimekutana na Nonie mlangoni pa shule, kavaa kofia yake ya Misa.

"Umepiga nini?" nikamtania. "Kuku wanasemaje?"

"Kuku wanasema watu wakubwa waseme kweli, mambo yatakwisha."

Alikuwa anazungumzia Kaskazini. Nadhani.

Jumapili, 24 Mei

Haya. Jambo la pili.

Walimzika Packie asubuhi ya barafu, udongo ulikuwa unalia kama sahani ukigonga jeneza. Nonie alisema, si kwangu, kwa hewa tu, kuwa ng'ombe itabidi wauzwe, hawezi kukamua peke yake, labda angefuga kuku lakini hana pa kuwaweka. Na mimi nilikuwa nimekunywa kidogo — si kidogo. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka getini:

"Kile kipande nje ya mstari ni chako, Nonie! Nakupa. Kwa ajili ya Packie. Na siku nikikitaka tena Mungu anikate ulimi!"

Nakupa. Ndivyo nilivyosema. Si nakuazima.

Waliokuwa pale, watatu wamekufa, mmoja yuko Boston, Mossie alikuwa amekwenda kuwasha gari. Jumamosi yake nikaenda na nyundo na wavu wa kuku, nikajenga banda peke yangu siku moja. Desturi ya yai niliianzisha mimi, mpira wa kwanza ulipoingia. Watu wakasema, Dinny ana moyo kama tanuri la mkate.

Na ninao! Nilimpenda Packie. Nilitaka Nonie apate cha kufanya asubuhi. Lakini chini ya moyo huo, chini kabisa, kulikuwa na sauti ndogo: kuku wakikaa pale hakuna atakayepima tena. Nilimpa mjane nilichowaibia wenzangu, ili wenzangu wasijue nimewaibia. Mdomo uliponza kichwa, walisema wahenga. Wangu umeponza vichwa vya watu, wenyewe unakula keki.

Jumapili, 31 Mei

Mechi ya kirafiki, vijana wetu wamegawana wenyewe kwa wenyewe, bluu na nyeupe. Jua kali, watu wengi wamekuja na viti.

Dakika ya ishirini, Declan, winga wetu, kijana wa heshima kabisa, akapiga mpira ukapaa ukatua bandani. Akaingia, akautoa. Nonie yuko pale kasimama, mkono mbele, yai.

Declan akapita.

Hakumtukana. Hakumtazama. Alipita tu kama anavyopitwa mtu anayeomba. Na kwenye viti mtu akasema, si kwa nguvu lakini kwa makusudi: "Asante, mama, turudishie uwanja wetu tu, unatosha."

Wengine wakacheka. Wachache. Nawajua wote, nimewatilia petroli, nimewabeba wakiwa wamelewa.

Nonie hakurudisha mkono mara moja. Ulibaki pale hewani, labda kwa muda wa mtu kuhesabu mpaka kumi. Halafu akalitia yai mfukoni mwa aproni, akaingia ndani.

Nilikuwa nimesimama hatua sita kutoka kwake, kibendera cha kona mkononi. Mimi ambaye sijawahi kukosa la kusema popote, hata kwa polisi wa Rotterdam. Nikakichomeka kibendera ardhini.

Jumatatu, 1 Juni

Nimemfuata Declan kazini kwake, kiwanda cha mbao. Nikamwambia, ukirudia vile nitakurusha wewe, na unajua ninarusha mbali.

"Lakini Mzee Dinny," akasema, kweli anashangaa, "si wewe uliyemwambia wakili kuwa alikuwa ameazima tu akang'ang'ania?"

"Kung'ang'ania sikusema."

"Mossie ndivyo anavyosema."

Nikaondoka. Nilikuwa nimekwenda kumfunza adabu kijana, nimerudi nimefunzwa.

Jumatano, 3 Juni

Nilikwenda dukani kwa Mossie nimwambie ukweli wote. Kulikuwa na foleni. Mama mmoja akanishika mkono, akasema marehemu mumewe angetoa roho aione Rovers ligi ya juu, Mungu akubariki Dinny.

Nimenunua soseji. Nimerudi.

Ijumaa, 5 Juni

Kiapo kimeletwa nikisome kabla ya kesho. Karatasi nene. "Mimi, Denis Tuohy, mtunza uwanja, naapa…" Neno lenyewe liko mstari wa saba. Nilimwazima. Limekaa pale limenyooka kama mlingoti.

Mossie ameshapanga vijana kumi na wawili na koleo za kukatia wavu. Watangoja getini kesho. Tukisaini, wanang'oa banda dakika ishirini, mimi napiga chokaa, Prunty anapima sabini, wiki ijayo kura. Simba wa zamani atarudi mwituni, anasema, ingawa sisi hatujawahi kuwa simba.

Nikisema nilimpa: Fintan anapata barabara. Rovers wanabaki chini, labda miaka ishirini na nne mingine, na wataniuliza mstari ulihamaje. Picha itashuka ukutani. Bila hiyo picha naweza kuishi, nimejiambia mara nne leo.

Nikisema nilimwazima: Nonie anakuwa mwanamke aliyekalia mali ya watu miaka kumi na mitano kisha akamwandikia mpwa wake. Na Packie anakuwa hakupewa kitu na rafiki yake siku aliyozikwa.

Jumamosi, 6 Juni

Saa nane na robo mchana. Naandika ndani ya banda la zana, nimekalia mfuko wa mbegu za nyasi.

Nilifika mapema kukoroga chokaa. Nonie alikuwa ameshatoka, kofia ya Misa kichwani, aproni juu ya gauni zuri. Akaniita kwa kidole. Akafungua mlango wa wavu, akaniingiza kati ya kuku wake, akasimama kwenye mstari wangu. Halafu akaanza kutembea kuelekea kwake, kwa ile nyonga yake, anahesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Akasimama karibu na birika la maji.

"Hapa," akasema. "Mstari ulikuwa hapa."

"Nani kakuambia?"

"Packie. Toka Agosti ya kwanza. Alikuwa anapima kwa hatua kila Jumamosi kabla ya mechi. Wewe ulifikiri mshambuliaji hajui goli liko wapi?"

Nikageuka kuitazama milingoti ya goli.

"Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani," akasema Nonie. "Nikamwambia, sasa utamwambia? Akasema, mwache Dinny. Anafurahi. Usimwambie kama tunajua."

Kuku mmoja akanipanda kiatu. Sikumtoa.

"Mimi ardhi siitaki," akasema. "Fintan atanuna, atanunua kwingine, shauri yake. Waliocheka Jumapili nawajua tangu wakiwa na kamasi. Nitasaini lolote utakalosaini, Dinny, ukisema jeupe nitasema jeupe. Ila kwanza uniambie mimi, hapa, si mbele ya wakili. Siku ile kaburini ulinipa, au uliniazima? Maana miaka kumi na mitano nimeamka asubuhi nikidhani nimepewa."

Nikasema, ngoja nichukue kamba ya kunyooshea mstari.

Kamba! Kamba ninayo shingoni toka asubuhi.

Chokaa kwenye kigari imeanza kuganda, inataka kukorogwa. Kiapo kiko gotini, nimekiwekea daftari juu. Kupitia ufa wa mlango namwona: hajatoka pale kwenye hatua ya tano. Ametoa yai mfukoni mwa aproni, analifuta kwa kidole gumba. Sasa amelinyoosha mbele, kuelekea huku kwangu.

Getini vijana wameacha kucheka. Kuna gari linaingia. Ni la Prunty au la Fintan, yote mawili ni ya kijivu. Mossie anaita jina langu.

Nonie hajageuka kulitazama gari. Mkono bado uko mbele.

Desturi niliianzisha mwenyewe: aliyeupiga ndiye anayeingia kuutoa. Nimeshika komeo la mlango kwa mkono wa kushoto, huu wa kulia unaandika, na yai lile ni langu.